Shimo la Kushoto mwa Nyumba ya Nyanya

Moto huu unakula nini? Nyanya aliniuliza hivyo asubuhi ya kwanza jiko la gesi lilipowashwa jikoni mwake, nami, mtoto wa mjini niliyedhani najua kila kitu, nikainama kutafuta. Hapakuwa na kuni, moshi wala majivu. Palikuwa na duara la buluu likivuma chini ya sufuria ya chai. Ukiona moto na huoni unachokula, alisema, hesabu watu wa nyumba.

Desemba iliyopita baba mdogo alinipigia simu. Anataka kujenga mtambo mwingine wa gesi ya samadi, mkubwa kuliko ule wa zamani, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, nije nimwonyeshe mahali pazuri. Nikatoka Kisumu nikaenda Pap Onditi, kijijini kwa nyanya. Mahali pa ule wa kwanza pamefukiwa, na juu yake pametambaa viazi vitamu. Viazi vile vimenenepa mpaka vinapasua udongo. Hakuna anayevichimba.

Nililelewa Kaloleni, mjini Kisumu, lakini kila shule zilipofungwa nilipelekwa kwa nyanya. Kama nawe ulikuwa na nyanya wa mashambani, unajua zilivyokuwa siku zile: uji wa mtama wenye ukakasi, omena, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa mpaka wakalia kati ya meno, upepo wa ziwa ukipanda mchana na kugeuza majani ya migomba. Na unajua kazi ya kuni. Tulizitafuta mbali, tukarudi shingo zikiuma, na nyanya akazipuliza kwa macho mekundu mpaka akawa anakohoa hata usingizini. Nyaya za umeme unaotoka mto Sondu zilipita juu ya vichwa vyetu zikienda kwa watu wengine.

Kwa hiyo baba mdogo alipotuletea habari za gesi, mimi nilifurahi kuliko wote. Kazi yangu ikawa kuchanganya mavi ya ng'ombe na maji, ndoo kwa ndoo, kukoroga kwa mti na kumimina kwenye bomba. Uji ule uliteremka ndani ya kuba la matofali chini ya ardhi. Humo, baba mdogo alieleza, kulikuwa na vijidudu visivyopenda hewa. Vilikula mavi, vikatoa gesi, gesi ikajikusanya juu ya kuba, ikausukuma uji utokee upande wa pili kama mbolea, nayo ikaja jikoni kwa mpira mwembamba. Ng'ombe wanne walitosha kupika kutwa.

Tatizo lilikuwa mahali. Fundi alitaka shimo lichimbwe kwenye mteremko chini ya boma la ng'ombe, na hapo palikuwa kushoto mwa nyumba ya nyanya. Kwetu mwanamke huzikwa kushoto mwa nyumba yake. Wanawake wa kanisani walikuja, wakatazama shimo, wakanywa chai wakaenda. Mmoja tu ndiye aliyethubutu kusema kwamba mtu hachimbiwi shimo na huku bado anakula. Nyanya alicheka, akasema basi watakuwa wamepunguziwa kazi.

Aliyelichimba alikuwa mzee jirani yetu. Alichimba visima, vyoo na makaburi, na alivuta ugoro tangu ujana, hata pua yake ikawa haijui tofauti ya waridi na mzoga. Alilijua hilo na halikumsumbua. Kila alipoitwa kusafisha shimo la zamani, aliazima pua ya mtoto. Kanuni yake wote tuliijua kwa moyo: shimo likinuka, liache, likiacha kunuka, limekukubali.

Mwaka wa kwanza moto ulikuwa mkali. Kikohozi cha nyanya kikaisha. Lakini jioni, kila mtu aliponyamaza, tulisikia chini ya ardhi sauti ya kitu kikimeza. Kilimeza, kikatulia, kikameza tena. Nyasi zilizozunguka mfuniko zikawa njano. Kuku, waliokuwa wakiparua kila mahali, hawakuparua pale.

Mwaka wa pili moto ukaanza kufifia. Boma letu lilikuwa la mchanga, nasi tulizoa mavi kwa koleo pamoja na mchanga wake. Mavi yaligeuka gesi. Mchanga ulibaki, ukajaza kuba kidogo kidogo. Hakuna aliyetuambia, au tuliambiwa hatukusikia. Fundi alipigiwa simu, akasema tusifungue, tumngoje Jumatatu. Ila wanawake wa kanisa walikuwa wanakuja Jumamosi kuuona moto usio na kuni, na baba mdogo alikuwa ameutangaza kanisani kwa mdomo wake mwenyewe. Akamwita mzee.

Waliinua mfuniko asubuhi ile ya Jumamosi. Uvundo wa mayai yaliyooza ukajaa uani. Wakachota uji wa juu kwa ndoo na kamba, wakaacha shimo wazi, wakaenda kula. Waliporudi, mzee aliniita.

"Mtoto wa Kaloleni, lete hiyo pua. Au za mjini zinanusa mandazi tu?"

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniazima chochote. Nikalala kifudifudi, nikaingiza kichwa shimoni. Harufu ilinipiga, macho yakachoma. Mzee akaniambia nisiondoke, nikae mpaka iishe. Nikakaa. Ikapungua. Kisha nikavuta pumzi na sikusikia kitu kabisa, kana kwamba nimeinamia mtungi wa maji.

"Imeisha?"

"Imeisha, Mzee."

"Umenusa vizuri?"

"Imeisha kabisa."

Akavua viatu, akavipanga, akashuka kwa ngazi ya miti. Nilisikia koleo likigusa mchanga mara mbili. Kisha nikasikia kitu kizito kikilala kwenye tope. Hakupiga kelele. Baba mdogo alimwita, akamwita tena, akaweka mguu kwenye ngazi. Hapo nyanya alitoka jikoni mbio, akamvuta shati mpaka likapasuka, akalala juu ya shimo kwa tumbo lake.

"Mama, toka! Mtu anakufa!"

"Shimo lililochukua mmoja haliongezwi wa pili. Ukishuka, utapita juu yangu."

Alilala pale mpaka vijana walipofika na kamba yenye ndoana, wakamvuta mzee bila kushuka. Alikuwa amekwisha kufa. Wanawake wa kanisa walifika, wakakuta kilio badala ya chai.

Kijiji kilimkasirikia nyanya miaka mingi. Walisema alimwacha mwanamume afe, kwamba shimo lilikuwa lake, nalo likachukua mwingine kwa sababu alilikataa. Nilipokua nilibishana nao wote: na imani zao, na shimo la kushoto, na nyanya pia. Nilitaka sababu inayopimika. Lakini hakuna aliyeniuliza mimi nilisema nini kabla mzee hajavua viatu, nami sikusema. Nyanya alirudi kwenye kuni, kikohozi kikarudi, na kikohozi ndicho kilichomwua. Tulimzika mbele zaidi ya mahali pake, maana mahali pake palikuwa pamejaa. Desemba hiyo niliporudi sikuona kuni uani, sikuona moto wa buluu, na jioni ardhi ilikuwa kimya.

Baba mdogo alinyoosha mkono kuelekea mteremko, akaniuliza kama pale pangefaa kwa mtambo mpya. Nilimwambia nitamjibu kesho. Nilikuwa nafikiria maabara ya chuo, mwaka wa tatu, na karatasi ya tahadhari iliyobandikwa ukutani ambayo wenzangu walipita bila kuisoma. Ilisema kwamba gesi ile yenye uvundo wa mayai yaliyooza, inapozidi hewani, huanza kwa kuua pua, na kwamba anayeacha kuisikia ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi.