Yule Polisi Asiyemaliza Chai

Siku hizi watoto wangu wakiangalia hadithi zao za polisi kwenye televisheni, mimi huenda jikoni kabla hawajafika kwenye ule mlango. Kila hadithi ina mlango huo. Polisi wawili wanabisha, mama mwenye nyumba anafungua, wanamwambia aketi, kisha wanamwambia mume wake amekufa. Watoto huniuliza naogopa nini, si ni mchezo tu. Waache waulize.

Enzi zile, pale kwetu Wamagana, televisheni ilikuwa moja, ya mwalimu mkuu jirani yetu, na ilikula betri ya gari. Betri ikitoka kuchajiwa Nyeri mjini, habari ilienea kabla haijashushwa. Tulijazana sebuleni kwa mwalimu, watoto chini, akina mama kwenye benchi lililoazimwa kanisani. Hadithi yenyewe ilikuwa ya Kizungu, na kwa kuwa nilikuwa nimeingia sekondari, kazi ya kutafsiri ilikuwa yangu. Kazi bure. Akina mama hawakungoja tafsiri, walikuwa na maoni.

Ati huyu polisi halali? Ati anakimbiza mwizi namna hiyo na kofia haidondoki? Muuaji walimjua mapema, ni yule mwenye suti na maneno matamu, wakaniagiza nimjulishe polisi asimalize petroli bure. Lakini kilichomuudhi mama yangu zaidi ni chai. Kila nyumba anayoingia yule polisi anawekewa chai, anaonja, simu inalia, anaondoka. Mama alisema mtu wa kuacha chai ya wenyewe mezani hawezi kushika mwizi, hana baraka. Baba, aliyekuwa dereva wa lori la majani chai upande wa Kiriaini, alicheka mpaka akakohoa, akamwambia basi aende mwenyewe akaandikwe upolisi.

Mlango ukifika, hakuna aliyecheka. Polisi alimwambia mke aketi, akasema tu kwamba mume amefariki, na benchi zima likasonya. Mama ndiye alikuwa mkali kuliko wote. Huyo hakulelewa, alisema. Kwetu habari ya kifo haitupwi hivyo mtu akiwa peke yake. Huja watu wazima, na mchungaji akipatikana, wakakuambia mtu wako ameumia kidogo, amelazwa, twende tumwone. Ukweli unapewa polepole, ukiwa na wa kukushika. Haraka haraka haina baraka, alisema mama, na wenzake wakaitikia.

Lori la baba lilipinduka kwenye kona za Kiriaini asubuhi ya mvua, shule zikiwa zimefungwa. Alikufa pale pale. Walikuja nyumbani shangazi, mchungaji na wale akina mama wa benchi, wote wakijua. Sisi walituambia ameumia mguu, amelazwa Nyeri, na gari la mwalimu litatupeleka. Mama hakulia. Mguu ni mguu. Alisema mgonjwa wa mguu anahitaji supu, akanituma nikamkamate kuku mwekundu.

Wangeweza kusema hapo. Badala yake walichemsha maji, wakaleta karai, wakanyonyoa kuku pamoja naye. Mmoja alisifu jinsi kuku alivyonona. Mama ndiye aliyekuwa anawachangamsha wao, ati mzee akionja supu hii atasahau ana mguu. Alimtafutia sweta. Aliitia supu kwenye chupa ya chai, akaifunga kwa kitambaa isipoe, akaipakata njia nzima. Kufika hospitalini, gari halikusimama kwenye wodi, lilizunguka nyuma. Mama alimwambia mwalimu amepotea, akamwonyesha wodi kwa kidole. Mwalimu aliendelea kuendesha mpaka mlango wa mochari. Ndipo shangazi akamshika mama mabega.

Naikumbuka ile chupa kuliko jeneza. Alikataa kumpa mtu. Alirudi nayo nyumbani, supu ikiwa bado moto, akaiweka mezani, na matanga yakaanza ikiwa pale pale. Akina mama walipoingia na sufuria zao, aliwatazama mmoja mmoja.

"Mlinyonyoa kuku na mimi," alisema.

Mchungaji alianza kueleza kwamba ilikuwa kwa upendo. Ilikuwa kwa upendo kweli, na hapo ndipo panaponiuma. Mpaka leo nimekasirika na sina wa kumkasirikia.

Ilichukua muda mrefu mama kurudi kwa mwalimu kutazama televisheni. Sijui alifuata nini. Polisi akafika mlangoni, akasema lile lake, na benchi likasonya kama zamani.

"Mwacheni," mama akasema. "Huyo amesema."

Chai ilibaki mezani na hakuisema.

Miaka ikapita. Mimi niliolewa Nyeri mjini, na kaka yangu, ndugu yangu wa pekee, akapata kazi Nanyuki. Alikufa huko ghafla, asubuhi, kwa ugonjwa wa kifua. Habari ilinifikia mimi kwanza, na kabla sijavua aproni watu wazima walishajaa kwangu wakipanga nani aende kwa mama na aseme nini. Walikubaliana aambiwe kijana ni mgonjwa. Niliwaacha wakipanga, nikatokea mlango wa jikoni, nikaenda Wamagana peke yangu.

Nilimkuta uani akiwatupia kuku mahindi.

"Mama, keti kwanza," nilisema, na nikajisikia nikisema maneno ya yule polisi.

"Siketi. Sema."

Nikasema. Nilisema ni kaka, na kwamba amekufa. Sikusema ameumia, sikusema amelazwa. Mama hakuanguka. Alishika nguzo ya ghala, na mkono wa pili ukabaki umefumbata mahindi. Aliniuliza kama watu wanajua. Nikamwambia wanajua, wako njiani wanakuja. Akaitazama njia. Kisha akawatazama kuku waliokuwa wakidonoa miguuni pake, na hapo ndipo uso wake ulipovunjika.

"Wafungie," aliniambia. "Wafungie kabla hawajafika."

Nikawafukuza kuku mpaka kibandani, nikafunga mlango kwa waya, tukilia sote wawili.