Kona ya Kwanza ya Mto

Wanafunzi walimwita Bi Chaki kwa sababu mpaka leo haziamini projekta. Alikuwa amefundisha jiografia katika idara ile ya chuo kikuu miaka kumi na miwili, na tangu yule binti aliyeomba kazi aingie ukumbini kutoa mhadhara wa majaribio, alikuwa anamwonea wivu. Tatizo halikuwa shahada, maana shahada hata yeye anayo. Kilichomchoma ni ule wepesi wa binti, anavyotaniana na wanafunzi kana kwamba wamelelewa nyumba moja, nao simu wameziweka chini.

Basi akamtegea mtego. Siku ya usaili wake mwenyewe, miaka kumi na miwili nyuma, katika ukumbi huohuo, profesa mmoja alimuuliza: kwenye tambarare tupu, isiyo na jiwe wala mti, kona ya kwanza ya mto huletwa na nini? Hakujua. Alipiga maneno dakika tano nzima, jasho likimtiririka mgongoni, wazee wa jopo wakaitikia kwa vichwa, kazi akapata.

Sasa Bi Chaki akanyoosha mkono, akamuuliza binti swali lilelile.

"Sijui, Mwalimu," binti alijibu bila kupepesa macho. "Lakini natamani kujua. Nani ana wazo?"

Mikono kumi ikanyanyuka. Bi Chaki alimwonea kijicho hapohapo, zaidi hata ya kama angemwona anashuka kwenye gari jipya.

Kwenye kikao cha idara baada ya mhadhara, alama walizompa binti zilisomwa kwa sauti. Kumi na nane kati ya ishirini. Kumi na tisa. Kumi na nane. Ya Bi Chaki: sita. Idara ina sheria, alama ikipishana mno na za wenzako, unaieleza mbele ya wote. Na sita ile ikisimama, binti hapati kazi.

"Haya, tueleze, Mwalimu," alisema mkuu wa idara.

"Hakulijua jibu. Mtu anayetaka kufundisha mito!"

"Hoja hiyo. Tuiandike kwenye kumbukumbu. Jibu lenyewe ni lipi?"

Maneno matamu yalikuwepo, yamejipanga ulimini kama siku ile. Wenzake walishika kalamu, wakingoja. Bi Chaki akaivuta fomu yake ya alama, akaikata sita, akaandika kumi na nane.

"Sawa. Na jibu?"

"Sijui," alisema, na hata neno hilo lilimuuma, kwa kuwa alikuwa amemuiga binti yule.