Mshika Bendera Aliyempa Mkwe Mgongo

Saa moja kasoro asubuhi, Felisita Masalu anapiga hodi kwenye nyumba ya nne katika mtaa mmoja wa mji wa Bariadi. Reflekta yake imepauka kwa vumbi. Benedikta, muuza maandazi, anatoka na unga mikononi.

"Mwangaluka, mayu," Felisita anamsalimu mama huyo kwa Kisukuma. "Kesho tunabandua lami ya zamani hapa mbele yako. Gari halitapita siku tatu. Boza litamwaga maji asubuhi na jioni, lakini vumbi litakuwepo tu, usianike kitu. Meza yako isogeze ng'ambo ya mtaro. Bomba linaweza kukatika, kinga maji leo. Mkiwa na mgonjwa au msiba mtuambie, tutawafungulia njia. Na lami mpya ikimwagwa, mtoto asiikanyage, ng'ombe asipitishwe, mpaka tuseme."

"Sasa mayu, wateja watanifuata huko mtaroni?"

"Watakufuata. Njaa haichagui barabara."

Kisha anaongeza jambo ambalo halimo kwenye karatasi aliyopewa ofisini. "Na mkiona bendera nyekundu, simameni. Hata kama aliyeishika amewapa mgongo, simameni."

Benedikta anacheka, akidhani ni utani. Laiti angejua.

Felisita ana miaka hamsini na mmoja, ni mjane, mzaliwa wa Sapiwi. Misimu miwili mfululizo pamba yake iliungua na jua, ndipo akaja mjini kuomba kibarua kwa mkandarasi anayekarabati barabara za mitaa. Akapewa bendera mbili, nyekundu na kijani, na shilingi elfu kumi na mbili kwa siku.

Aliipenda kazi hiyo, hafichi. "Lori la matairi kumi lilikuwa linanisikiliza," anasema, "mimi ambaye hata mbuzi wangu hawanisikii!" Hicho ndicho kicheko pekee alichotoa siku nzima.

Katika ukoo wake, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Wakikutana, mama huacha njia, hujitanda khanga na kugeuka mpaka mwenzake apite. Wako wengi mjini walioachana na desturi hiyo. Felisita na Masele, dereva wa bodaboda aliyemuoa binti yake Minza, hawakuiacha. Kwa miaka sita walisalimiana kupitia ukuta.

Kinachofungua aibu hiyo ya kutotazamana ni mbuzi ambaye mkwe humpeleka ukweni. Masele alikuwa ameshamnunua. Walikuwa wanasubiri mavuno tu ili waketi pamoja, wale, watazamane.

Wiki tano zilizopita, siku ya mnada, Felisita alikuwa ameinua bendera nyekundu. Nyuma yake tipa la kokoto lilikuwa linarudi kinyumenyume. Mbele yake ikatokea pikipiki, na aliyeiendesha alikuwa Masele.

"Sikuwaza," anasema. "Mwili uligeuka wenyewe. Nilishuka mtaroni, nikajitanda khanga, na bendera nikaikunja kwapani kama mwavuli."

Masele naye alikuwa amemwona. Kama mkwe mwenye adabu, aliinamisha kichwa, akageuzia uso upande wa pili na kuongeza mwendo ili asimsumbue mama kwa kukaa machoni pake. Kwa hiyo hakuliona tipa. Gurudumu la nyuma la tipa lilipita juu ya mguu wake wa kulia.

Wahenga walisema heshima si utumwa. Siku ile watu wawili waliheshimiana mpaka mmoja akakosa mguu, na mimi sijui msemo gani ungetufaa hapo.

Ila linalomtafuna Felisita zaidi si lile la kugeuka. "Nilimsikia akilia. Alikuwa anamwita mama yake. Na mimi nikaendelea kusimama mtaroni nimempa mgongo, kwa sababu suruali ilikuwa imechanika na mkwe haonwi mwili. Vijana wa kokoto ndio waliombeba."

Mguu ulikatwa chini ya goti. Mbuzi aliuzwa kununulia dawa. Msimamizi wa kazi, Nathanael, hakumfukuza Felisita. Alimpokonya bendera na kumpa kazi ya kutangaza nyumba kwa nyumba. "Mama huyu hakufanya uzembe," anasema Nathanael. "Lakini siwezi kumrudisha barabarani. Mji huu una wakwe wengi."

Minza hamjibu mama yake simu. Alimjibu mara moja tu. "Usije hospitali, mama. Umeshamuonyesha heshima ya kutosha."

Majirani humwambia ajali haina kinga. Felisita hataki kusikia. "Kinga ilikuwepo. Nilikuwa nimeikunja kwapani."

Jumapili iliyopita, baada ya misa, alikata shauri. Bila mbuzi wala ruhusa ya wazee, aliingia wodini akiwa ameshusha khanga mabegani, uso wazi. Alitaka Masele amwone, amtukane akitaka, mradi wawe wameonana.

"Nikasema, Masele mwanangu, ni mimi. Aliposikia sauti yangu akavuta shuka, akajifunika kichwa."

Felisita alisimama pale mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Shuka halikushuka.

"Sijui kama ilikuwa heshima au ni chuki," anasema, akilia bila kujifuta. "Kama ni heshima, basi nimemuua mtu ambaye bado ananiheshimu. Kama ni chuki, afadhali, maana chuki naistahili."

Kazi ya barabara inaisha mwisho wa mwezi, na kibarua chake nacho. Anaulizwa atafanya nini baada ya hapo. Atarudi Sapiwi kulima?

"Nilime kwa nguvu gani? Jumapili narudi wodini. Akijifunika tena nitakaa. Kazi ikiisha nitakuwa na siku zote za kukaa."