Masizi Ndani ya Amplifaya ya Baba

Mwenyekiti wa kamati ya muziki katika kanisa letu alisema "zima hiyo takataka" kwenye maikrofoni, mbele ya waumini wote, baba yangu akiwa bado ameinama juu ya gitaa. Hakumwita mzee. Hakumwendea kando akamnong'oneza, kama mtu aliyelelewa na watu. Alisema tu, halafu akaendelea na matangazo ya mkutano wa akina mama utadhani amefukuza kuku.

Sikatai, ile amplifaya ilikuwa na kelele. Ilinguruma chini kwa chini hata kabla gitaa halijaguswa, na juu ya mngurumo huo ikawa inapasukapasuka kama mahindi kwenye kikaango. Siku hiyo ilipasuka katikati ya maombi ya wagonjwa, mtoto mmoja mgongoni mwa mamake akaanza kulia. Lakini kuna namna ya kumwambia mzee, tena mzee ambaye mbao za kanisa hilo alizipasua kwa mikono yake. Mori ulinipanda mpaka masikio yakawa moto. Baba alizima swichi, akakunja waya polepole, akaenda kuketi.

Niliwaka hivyo kwa sababu. Kabla sijazaliwa Baba alikuwa mpiga gitaa, na si la kanisa, la dansi. Alipiga Roret siku za soko, alipiga kwenye harusi mpaka kule Fort Ternan, na hiyo amplifaya ya kizamani ya valvu za kioo, nzito kama gunia la mbolea, ilikuwa ikisafiri naye juu ya paa la basi. Kisha akaokoka. Enzi hizo aliyeokoka hapa kwetu alitakiwa athibitishe kwa moto. Wazee wa kanisa walimwambia achome vyombo vyote vya dansi, na moshi uonekane. Baba hakuweza kusimama kutazama. Alimwachia Mama kazi hiyo, akaenda zake kwenye maombi. Gitaa likaungua, na nilikua nikijua kwamba amplifaya nayo iliungua.

Miaka yote hiyo Baba hakugusa uzi. Alichuma chai, akapogoa chai, akakama ng'ombe. Halafu vijana wakaanza kuhamia makanisa yenye ngoma na vinanda, na ghafla bin vuu gitaa halikuwa tena la shetani. Kanisa letu likanunua gitaa jipya la umeme, na nani alitumwa nyumbani kumbembeleza Baba alipige? Huyo huyo mwenyekiti, ambaye babake mzazi alikuwa mmoja wa wale waliotaka kuona moshi. Ilitokea kwamba wakati huo tulikuwa tunabomoa jiko la zamani la Mama, na darini tukaikuta amplifaya, nyeusi tititi. Baba akaomba kitambaa chenye maji, akaipangusa nje, akaibeba hadi kanisani.

Kwa hivyo mnielewe. Waliomlazimisha kuizika ndio walioiita takataka ilipofufuka. Tena mwenyekiti aliongeza sharti: Jumapili ya mavuno Baba alikuwa amepangiwa kupiga wimbo wa kutoa sadaka, na mashine isipotulia kufikia siku hiyo, kijana anayetupigia kinanda atachukua nafasi yake na Baba apumzike. Kupumzika maana yake ni kuachishwa. Watu wa kamati wana maneno laini sana ya kukutolea nje.

Mimi ni fundi wa umeme katika kiwanda cha chai upande wa Mogogosiek. Nashinda na mota za feni, swichi na paneli. Nilichukua likizo yangu, nikaitua amplifaya juu ya meza ya sebuleni kwa wazazi wangu, nikaapa kwamba Jumapili hiyo itanyamaza mpaka mwenyekiti asikie tumbo lake mwenyewe likinguruma.

Baba alikuja akasimama mlangoni na gamubuti zake za shambani.

"Wachana nayo," alisema. "Hiyo mashini imezeeka kama mimi. Wacha tu."

"Siwachi, Baba."

"Wewe msichana unapenda vita."

"Wao ndio walianza."

Akatikisa kichwa, akarudi kwa ng'ombe wake. Nilifikiri anawaonea haya wale watu, na hilo likanichoma zaidi.

Valvu hazina mzaha. Umeme wake hubaki ndani ya kapasita hata baada ya kuchomoa plagi, ukingoja kidole cha mjinga, kwa hiyo jambo la kwanza nilitoa ule umeme kwa waya wenye rezista kubwa. Ndipo nikafungua skrubu za nyuma, nikaipindua. Nilichokiona ndani sijawahi kukiona katika kazi yangu yote. Masizi. Si vumbi, masizi yenye mafuta, yaliyoshikana kama lami, yamejaa kwenye soketi za valvu, kwenye vitasa vya sauti, katikati ya kila waya na mwenzake. Masizi ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Kila mahali ambapo umeme haukutakiwa kwenda ulikuwa umepewa njia. Hapo ndipo palipokuwa pakipasukapasuka.

Nikatoka na ile hasira yangu nikaipeleka jikoni kwa Mama. Mama ni mtoto wa wachuma chai waliotoka Kisii wakaja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa. Baba ni Mkipsigis wa hapa hapa. Ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili ndicho tulichopatania.

"Mama, ni nani anaweka kitu ya stima kwa moshi? Ungeiweka hata choo ingekuwa afadhali!"

Alikuwa akichambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Niliambiwa nichome," alisema. "Nikaanza na gitaa. Zile nyuzi zililia kwa moto, nikaogopa. Ile ingine mkono yangu ikakataa."

"Sawa, ulikataa kuchoma. Si ungeficha kwa sanduku? Kwa nini juu ya moto?"

"Ndio ioze? Hapa mvua inanyesha mpaka viatu vinamea uyoga." Sasa alinitazama. "Nilikuja hapa nikiwa msichana mdogo, sijui kitu. Mama ya baba yako ndiye alinifundisha. Mbegu ya wimbi, kibuyu, ngozi ya kulalia, kitu yoyote hutaki ioze, unapeleka kwa tabut, ile dari juu ya moto. Moshi inalinda. Kila mwaka mbegu yangu ilimea. Sasa mimi ningejua aje hii ya stima inataka ingine?"

Maneno yake yakanikasirisha upya. Kila mtu katika habari hii alikuwa na sababu yake nzuri, na mwisho wa sababu zao zote ni Baba kutukanwa kwenye maikrofoni. Na kusema haki, niliporudi mezani nikaangalia vizuri, transfoma haikuwa na hata doa la kutu. Kasha la mbao halikuwa limeguswa na mdudu. Mama aliihifadhi kwa njia anayoijua, na njia hiyo hiyo ndiyo iliyoiharibu. Ningemlaumuje?

Nikaifanya kazi ile kwa hasira, na hasira ni kibarua mzuri ukiielekeza. Nilisugua soketi moja moja kwa mswaki mkuukuu uliochovywa kwenye spiriti, nikipangusa kwa pamba, na pamba ikitoka nyeusi nikichukua nyingine. Kapasita kubwa zilikuwa zimevimba matumbo. Hizo ndizo zilizoleta mngurumo. Niliagiza nyingine Nairobi, zikaja kwa basi. Vitasa nikavifungua, nikavisafisha ndani. Stima ikapotea, kama kawaida yake mvua ikinyesha, nikaitusi kwa lugha zote ninazozijua, Mama akaniambia nikumbuke ninaongea ndani ya nyumba ya watu waliookoka. Iliporudi niliiwasha amplifaya mgongo ukiwa wazi, nikawa nagonga kiungo kimoja kimoja kwa mpini wa mwiko wa ugali, maana mti haupitishi umeme. Nikapata penye kufurukuta: lehemu iliyopasuka chini ya soketi. Nikazima, nikatoa tena umeme uliobaki, nikachomelea upya, nikafunga.

Nikawasha. Valvu zikashika rangi ya chungwa polepole. Nikapandisha kitasa cha sauti mpaka nusu, nikaweka sikio kwenye spika. Kimya. Nilisikia ng'ombe wakicheua nje. Nilipiga meza kwa kofi, nikapaza sauti peke yangu sebuleni: "Haya, mwenyekiti! Njoo sasa!" Sijui kama nimewahi kufurahi kwa ubaya namna ile.

Nikamwita Baba. Alinawa mikono kwa muda mrefu kule nje. Aliingia, akaketi kwenye kiti cha mbao, akaliweka gitaa pajani. Aliponyoosha mkono, kabla ya kupiga chochote, alikipeleka kitasa cha kelele, kile cha kukwaruzisha sauti, mpaka mwisho. Nikamrudishia.

"Haihitaji, Baba. Sikiliza vile imetulia."

Akapiga.

Nilidhani kwanza nimeacha kosa mahali. Sauti ilitoka safi, kila uzi peke yake, na kwa sababu ilikuwa safi nilisikia kila kitu. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto hakikupinda. Kile cha pete kilikuja kimechelewa, kikafinya uzi wa jirani, uzi ukatoa sauti ya bati. Alirudia mwanzo. Akakwama pale pale. Akarudia tena, jasho likimtoka juu ya mdomo. Niliitazama ile mikono nikaona nilichokuwa nikikiona kila siku: viungo vilivyovimba kama tangawizi, mikono ya mtu aliyeshika panga la kupogolea chai maisha yake yote. Kanisani kwaya ilikuwa ikiimba juu yake na amplifaya ikinguruma chini yake, na katikati hapo hakuna aliyeweza kujua. Yeye alijua.

Mama alikuja kutoka jikoni akifuta mikono, akasimama akisikiliza, uso umemfunguka kama wa msichana.

"Ni ile ile," alisema. "Ni ile ile kabisa."

Baba alimtabasamia. Mama aliporudi jikoni, Baba alilaza gitaa, akazima amplifaya mwenyewe.

"Jaribu tena," nikamwambia. "Ni vile hujazoea. Tuna siku kadhaa bado."

"Si kuzoea." Alifungua kiganja, akajaribu kukifunga, hakikufungika. "Waambie imekataa."

"Imekataa nini?"

"Mashini. Waambie umejaribu, imekataa. Yule kijana apige kinanda."

Nilimkasirikia. Nasema wazi, nilimkasirikia baba yangu kuliko nilivyomkasirikia mwenyekiti. Nilimwambia mashine imepona, haina kasoro hata moja, na kama ni vidole aseme ni vidole, hakuna dhambi ya kuzeeka, kwa nini alinde heshima yake mbele ya watu wasiomheshimu? Nilimwambia sitasema uongo ndani ya kanisa ili mwenyekiti apate raha. Sauti yangu ilikuwa juu. Aliningoja nimalize.

"Niachishwe na mashini," alisema, "nisiachishwe na vidole. Hiyo tu ndiyo naomba kwako."

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa ndizi, maboga na mikebe ya maziwa. Baba aliketi upande wa wanaume, mikono ndani ya mifuko ya koti. Niliibeba amplifaya mwenyewe mpaka mbele, kwa sababu mwenyekiti alitaka kuiona, nikaitua chini miguuni pake. Ilikuwa safi, inang'aa. Kijana wa kinanda alikuwa tayari ameketi.

"Haya, fundi," mwenyekiti alisema, kwa sauti ya kusikika viti vya mbele. "Imetulia?"

Plagi ilikuwa mkononi mwangu na tundu la ukutani lilikuwa pale pale. Ningeichomeka, angesikia kimya chote nilichokitengeneza. Sijawahi kutamani kitu namna hiyo.

"Imenishinda," nilisema.

Akacheka, akageuka ili wenzake wamsikie. "Nilijua. Hizi vitu si za akina mama. Si ungemwachia fundi wa kweli?"

Nikakunja waya, nikamwambia ni kweli, fundi wa kweli angeiweza.