Siku Baba Yangu Alipoitwa Mchochezi

Enzi zetu kule Mbozi, mvua ya kwanza ikishagonga nyasi za paa, hakuna mtoto aliyesubiri kuamshwa. Baridi yetu mnaijua ninyi mliokulia Vwawa kabla ya taa za umeme: ukungu uliingia mpaka jikoni. Tulikunywa uji wa ulezi wa moto, kisha tukashuka shambani miguu mitupu. Mama alitangulia na jembe akichimba vishimo, sisi tukafuata nyuma na punje za mahindi kwenye kibuyu, tunadondosha na kufukia kwa kisigino. Ukizidisha punje kwenye shimo moja, Mama alijua bila hata kugeuka. Leo nikimwomba mjukuu wangu anisaidie kupanda, ananiuliza kama hakuna mashine ya kazi hiyo.

Tatizo ni kwamba mvua ile ya kwanza haikuwa yetu. Ilikuwa ya mwene, ndivyo tulivyomwita chifu. Kila nyumba ilitoa mwanamke kwenda kupanda shamba lake, bila malipo, na hakuna aliyegusa la kwake mpaka la mwene limekwisha. Mwaka mmoja mvua ilikatika mapema. Mahindi ya mwene yalisimama yamenona, yetu yakabaki mafupi hayana kitu. Tulikula majani ya maboga asubuhi na majani ya maboga jioni, na mpaka leo nikiyaona mezani napata hasira kidogo.

Baba yangu alikuwa amerudi kutoka machimbo ya shaba, ng'ambo ya Tunduma. Alirudi na baiskeli, koti lenye mifuko mingi, na neno la Wabemba, "mukwai", ambalo ni la heshima na alilibandika kila mahali. Alirudi pia na tabia ya kuuliza maswali. Mvua iliyofuata ilipokaribia, alisimama nje ya kanisa baada ya ibada akawaambia wenzake, kwa sauti ileile ya kusalimia: "Jamani, shamba la mwene tutalima. Ila mwaka huu tuanze na ya kwetu. Mbegu zetu zikishaingia ardhini, wake zetu wote wataenda." Basi, hiyo ndiyo hotuba yote. Siku hizi kijana akitaka kubadilisha jambo anaanza na fulana.

Maneno hayo machache yalimletea majina mengi. Wazee wa mwene walimwita mkaidi. Mzee wa kanisa alisema ni kiburi cha machimboni. Bibi, mama yake mzazi, alimwita mtu wa maneno. Wanawake kisimani walimwita mtetezi wetu, lakini walitazama nyuma kwanza. Jina lililotutisha lilitoka kwa tarishi wa mwene, bwana mfupi mwenye kofia nyekundu na bukta iliyopigwa pasi. Yeye alisema: mchochezi. Hilo lilikuwa jina la boma, la serikali ya wakoloni. Aliyethibitika kuwa mchochezi mbele ya Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, alihamishiwa mbali, kwa watu wasiojua lugha yake. Tulijua nyumba moja upande wa Ileje ambayo baba yao alichukuliwa hivyo, na mdogo wao wa mwisho alikuwa hajui hata sura yake.

Watoto wenzangu wakaligeuza jina hilo kuwa mchezo. Mmoja anakuwa mchochezi, wengine wote matarishi wa kumkimbiza. Kila mara walinichagua mimi kuwa mchochezi, nami nilikimbia huku nalia kweli.

Siku ya baraza, Baba alipoitwa mbele ya Bwana Shauri, Mama alimfungia mzigo wa safari: blanketi, unga, chumvi. "Baba Enesi," alimwambia, "ukiulizwa, sema umekosa. Watoto hawa hawali ujasiri." Baba akajibu, "Nimesikia, mukwai," na Mama akazidi kukasirika, maana hilo halikuwa jibu.

Tuliketi chini na wanawake. Bwana Shauri alikuwa mgeni kabisa, pua yake imeungua na jua. Tarishi alisimama akamshtaki Baba kwamba anachochea watu wagome. Mkalimani akamuuliza Baba kama ana la kusema.

Baba akachuchumaa. "Bwana, kazi ya mwene sikuikataa," alisema. "Nilisema mbegu za watoto ziingie kwanza. Mwanamke mwenye njaa analima vibaya, hata kwa mwene." Akamaliza, akapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa. Na baraza zima likapiga.

Sasa, ninyi wa kwetu mnaelewa. Mtu akimaliza kusema mbele ya mkubwa, wote hupiga makofi yale ya chini, kuonyesha tu kwamba yamesikika. Si kukubali. Hata angesema mbingu ni ya udongo tungepiga. Wazee wa mwene walipiga, mzee wa kanisa alipiga, na tarishi mwenyewe, kwa mazoea, akapiga.

Bwana Shauri alitazama watu wote, kisha akamtazama tarishi. "Hata wewe unamuunga mkono?" akauliza kupitia kwa mkalimani. Tarishi akavua kofia yake nyekundu, akaikunja. Aliyeweza kueleza ni mwene, naye alijua vizuri maana ya makofi yale. Alinyamaza. Mpaka leo sijui kwa nini, na nimemsamehe mengi kwa ajili ya ukimya ule. Bwana Shauri na mkalimani wakanong'ona kidogo, kisha mkalimani akatangaza: mwaka huu nyumba zipande kwanza, mwene afuate. Baba aende nyumbani.

Tukaondoka barazani. Mama alitembea njia nzima akimchapa Baba mgongoni kwa ncha ya kanga, anacheka na kulia, huku mzigo ule ameubeba yeye mwenyewe kichwani. Mvua iliponyesha, Baba alikuwepo. Alikuwepo siku niliyoolewa pia, anatoa nasaha ndefu mpaka watu wakasinzia.

Uhuru ulipokuja, majina yakageuka. Waliomwita mkaidi wakaanza kumwita mpigania haki, na tarishi akawa wa kwanza kusimulia alivyompigia makofi. Siku hizi neno ni mwanaharakati, na mjukuu wangu ameliandika chini ya picha yake kwenye simu, na miwani ya jua juu. Mimi humcheka. Namuuliza anapigania nini zaidi ya bando. Lakini juzi alienda kwenye mkutano wa wakulima wa kahawa, akasimama akawauliza viongozi maswali, mbele ya watu. Nilikaa mlangoni mchana kutwa, kazi haziendi. Alirudi anapiga mluzi, akauliza kuna nini cha kula. Nikamwekea chakula, nikakaa kumtazama mpaka akamaliza.