Kipande cha Mwisho cha Sabuni

Miaka ile ya Ujamaa, sabuni ilipoadimika Tabora, mimi nilikuwa nimeshaapa kwamba kiyoyozi cha gari letu kitapoza. Gesi niliipata kwa fundi wa mafriji. Nilipotia kidogo ikavuja, na pa kuvujia huwezi kupaona bila povu. Nikachukua kipande chetu cha mwisho cha sabuni. Mume wangu alifoka, nikamwacha afoke. Nikapaka povu kwenye mipira ya kupitishia gesi, nikaona kiungio kinachotoa mapovu, nikakikaza, nikajaza gesi.

Wiki iliyofuata tulikwenda Urambo, vioo tumevifunga, baridi tele. Kufika Usoke, harufu ya jasho letu la wiki nzima bila sabuni ilikuwa imejaa garini. Mume wangu akanyoosha mkono afungue kioo.

“Thubutu!” nikamwambia.