Mwanamke wa Njia ya Uroa

Siku yangu ya kwanza katika gari la wagonjwa, msimamizi wa zamu, muuguzi mwenye umri wa mama yangu, aliipokea shikamoo yangu kisha akaniuliza nimesoma hadi wapi. Nikamjibu kuwa nina shahada ya uzamili.

"Marahaba. Basi na machela utaiosha kisomi," akasema, akanipa ndoo.

Ndiye aliyetufundisha utaratibu usioruhusu kurukwa hatua: njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, fahamu, mwisho kumfunua mgonjwa, yaani kuondoa nguo na kumtazama mwili mzima, mbele na nyuma, kwa kuwa jeraha halina wajibu wa kujionesha.

Mwezi wangu wa tatu tuliitwa njia ya Uroa. Mwanamke alikuwa ameanguka kutoka kwenye pikipiki ya mumewe, na wanawake wa kijijini walikwisha kumfunika kanga juu ya buibui lake. Alizungumza vizuri. "Mie sijambo, kaka yangu. Mtazameni mume wangu."

Mume alikuwa akivuja damu kichwani, nikamfunga bandeji. Kisha nikamrudia mke, nikahesabu mapigo. Yalikwenda kasi. Nilishika ukingo wa kanga. Mumewe alinitazama. Nikauachia, nikajiambia kasi ile ni hofu tu.

Tulipofika Dunga, njiani kwenda hospitali, hakuwa akijibu tena. Hospitali walipomgeuza walikuta jeraha refu chini ya mbavu. Buibui jeusi lilikuwa limenywa damu bila kuonesha rangi. Alifariki kabla ya alasiri.

"Ulimfunua?" msimamizi aliniuliza.

"Mumewe alikuwepo, Bibi."

"Na wanawake wenye kanga hawakuwepo? Ungewasimamisha duara, wakupe mgongo, kanga ziwe ukuta. Sitara wanaijua kuliko wewe. Wewe kazi yako ilikuwa kutazama."

Tangu hapo, iwe Fumba au Mtoni, ukuta wa kanga ndio niliouomba kwanza, na hapana familia iliyonikatalia. Hilo nalo hunitesa. Je, bandeji iliyokazwa mapema ingemwokoa? Nimelipima swali hili kwa kila nilichosomea, na kila mara jibu ni labda.

Sasa nimestaafu. Mara nyingine, Darajani, hukutana na yule mume. Huushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Ulimsitiri mke wangu mbele za watu," huniambia. "Mungu akusitiri nawe."

Nami huitikia, amin.